Ushamba na Udongo: Fei Xiaotong na Njia ya Anthropolojia ya Uchina

Mwaka 1938 kilichapishwa London kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya. Mwaka uliofuata kikachapishwa katika jiji lilo hilo kitabu cha kijana wa Kichina, Fei Xiaotong, kiitwacho Peasant Life in China. Vitabu hivi ni ndugu wa baba mmoja. Vyote viwili vilitokana na masomo ya London School of Economics chini ya Bronislaw Malinowski. Vyote viwili viliandikiwa dibaji na mwalimu huyo. Na katika dibaji zote mbili mwalimu alishangilia jambo lile lile, kwamba sasa mwenyeji mwenyewe ameshika kalamu kuwaeleza watu wake. Kitabu cha kwanza wasomaji wetu wanakijua, na wamekihakiki hata kimechakaa mikononi. Cha pili wanakijua wachache. Lakini ukitazama yaliyofuata, utaona kwamba cha kwanza kilizaa siasa na cha pili kikazaa elimu.

Makala haya hayakusudii kuisimulia historia yote ya anthropolojia ya Uchina. Yanakusudia kuitahakiki kwa kumfuata mtu mmoja aliyeishi nayo tangu ilipokuwa changa hadi alipofariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 94. Dai letu ni kwamba kazi kuu ya Fei si kile kitabu cha Kiingereza kilichompatia sifa Ulaya, bali ni kijitabu cha Kichina alichokitoa mwaka 1948, Xiangtu Zhongguo. Na kwamba kila mara elimu hiyo ilipoacha kuyasikiliza maneno ya wale inaowachunguza ilidhoofika, hata ilipokuwa na fedha, vyeo na watumishi wengi. Jambo hili latuhusu sisi wa idara za lugha, pengine kuliko linavyowahusu wenzetu wa elimu-jamii.

Anthropolojia iliingia Uchina kwa milango miwili. Wa kwanza ulikuwa wa historia. Cai Yuanpei, aliyekuwa amesoma Ujerumani, aliandika mwaka 1926 makala ya kuitambulisha elimu ya makabila, na Academia Sinica ilipoundwa mwaka 1928 chini ya uongozi wake elimu hiyo ikapata makao. Watafiti wa tapo hili walitafuta asili: kabila fulani limetoka wapi, na lahusianaje na watu wanaotajwa katika tarehe za kale. Kazi ya Ling Chunsheng juu ya Wahezhe wa mto Sungari, iliyotoka mwaka 1934, ndiyo kielelezo chao. Mlango wa pili ulikuwa Chuo Kikuu cha Yenching, ambako Wu Wenzao aliwafunza wanafunzi wake kuitazama jamii kama inavyoishi leo, viungo vyake vikitegemeana. Mwaka 1935 Radcliffe-Brown alifika hapo kufundisha. Katika wanafunzi wa Wu walitoka Fei na Lin Yaohua. Huyu wa pili ndiye aliyeandika The Golden Wing, kisa cha jamaa mbili za Fujian kilichojengwa kwa umbo la riwaya, ambacho mhakiki wa fasihi atakisoma kwa raha kuliko mtaalamu wa jamii.

Fei alilipa gharama mapema. Mwaka 1935 alikwenda na mkewe, Wang Tonghui, katika milima ya Wayao huko Guangxi. Aliangukia mtego wa wanyama wakali, akaumia vibaya. Mkewe akaenda kutafuta msaada, akafa maji. Miezi minne ya ndoa yao ilikuwa haijatimia. Alipokuwa akijiuguza, mwaka 1936, Fei alikwenda kukaa Kaixiangong, kijiji kilicho karibu na ziwa Tai, ambako dada yake alikuwa amewasaidia wanakijiji kuanzisha kiwanda cha ushirika cha hariri. Humo ndimo ilimotoka tasnifu yake. Hoja yake ni wazi. Ardhi ya kijiji haikutosha kuwalisha watu. Hariri ndiyo iliyoziba pengo. Bei ya hariri ilipoanguka katika soko la dunia mkulima alikopa, kisha akapoteza haki ya ardhi kwa matajiri wa mjini, akabaki mpangaji katika konde aliyoirithi. Kugawa ardhi peke yake, alisema, hakutatosha: sharti kazi za viwanda zirudi vijijini.

Hukumu kali zaidi juu ya kazi za namna hii ilitolewa na Edmund Leach mwaka 1982, katika kitabu chake Social Anthropology. Leach aliwatazama Wachina wanne waliochunguza jamii yao wenyewe, akasema kwamba kuchunguza nyumbani ni kugumu kuliko kuchunguza ugenini, maana macho ya mwenyeji yamekwisha kupindwa na mapenzi na chuki za maisha yake. Fei alimwona kuwa amefaulu kuliko wenzake watatu, lakini hata yeye hakuponea swali la pili: kijiji kimoja chawezaje kusema kwa niaba ya Uchina nzima? Fei alimjibu mwaka 1990, Leach akiwa amekwisha kufariki. Kijiji kimoja si Uchina, alisema, ila ni aina moja ya kijiji cha Uchina, na aina zikilinganishwa moja baada ya nyingine picha hukua.

Jibu hili ni la haki, na Fei alikuwa amekwisha kulitenda kabla ya kulisema: wakati wa vita na Japani yeye na wenzake walichunguza vijiji vitatu vya Yunnan, wakavilinganisha katika Earthbound China, kilichotoka mwaka 1945. Lakini haligusi lile dai la kwanza. Kwa maoni yangu Leach aliteleza alipodhani kwamba mgeni huja na mzigo mwepesi. Mgeni hana mapendeleo ya nyumbani kwa mwenyeji, lakini anayo ya kwao. Na zaidi ya hayo hana sikio. Hajui neno gani ni tusi, gani ni utani, gani limetamkwa kwa sababu mgeni yupo. Sikio ndiyo mali kubwa ya Fei katika Xiangtu Zhongguo.

Kijitabu hiki kina insha 14, zilizotokana na masomo aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi na kuchapwa kwanza gazetini. Mwandishi wa makala haya amekisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Gary Hamilton na Wang Zheng, iliyotoka mwaka 1992, na mara nyingi amejikuta akiifasiri tena kimoyomoyo kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili chakipokea vizuri zaidi. Tuchukue jina lenyewe. "Xiang" ni kijijini, kwao mtu; "tu" ni udongo. Lakini mtu wa mjini akimsifia mwenziwe hiyo "tu" amemtukana: amemwambia kwamba ananuka udongo, hajui mambo. Wafasiri wa Kiingereza walilazimika kulieleza jambo hili. Sisi hatuna haja ya kuelezwa. Shamba ni mahali palimwapo chakula; mshamba ni asiyejua kuvuka barabara; na ushamba ni aibu ambayo kila mwanafunzi aliyetoka bara au kisiwani kwenda mjini amepata kutupiwa usoni. Fei anaanzia papo hapo. Analikubali tusi, anasema kwamba neno limechaguliwa vizuri, kwa sababu ni kweli mkulima ameshikamana na udongo. Halafu, kurasa chache tu, udongo umekwisha kuwa riziki, umekuwa mungu aliye karibu zaidi na wanakijiji, na umekuwa sababu ya watu kuishi mahali pamoja vizazi kwa vizazi hata wakajuana kama mtu ajuavyo viganja vyake. Hakuna nadharia iliyotajwa. Neno moja la mtaani limefunguliwa, na jamii imeonekana ndani yake.

Insha mbili zinazofuata zahusu maandishi, na hizi ndizo zitakazomgusa msomaji wa jarida hili. Wakati huo palikuwa na juhudi za kupeleka kisomo vijijini, na wengi walioziendesha walimwona asiyesoma kuwa ni mpumbavu. Fei anajibu kwa mfano. Katika miaka ya vita walimu wa vyuo vikuu walihamia mashamba ya Yunnan, na watoto wao wakasoma shule moja na watoto wa wanakijiji. Darasani watoto wa walimu walishinda. Nje, wakikamata panzi, watoto wa kijiji walinasa kila walipotupa mkono, na watoto wa walimu wakarudi mikono mitupu. Sasa mpumbavu ni nani? Lakini Fei haishii kwenye kejeli. Anasema kwamba maandishi ni chombo cha watu waliotenganishwa na mahali au na wakati. Pale watu wanapoonana uso kwa uso kila siku hata jina halihitajiki. Mtu abisha mlangoni, aliye ndani auliza, "Nani?" Aliye nje ajibu, "Mimi!" Na yatosha, kwa kuwa sauti imekwisha kumtambulisha. Ni nani kati yetu ambaye hajapiga hodi ya namna hiyo?

Hata hivyo hoja ina tundu mbili. Kwanza, Fei anakisahau kitabu chake mwenyewe. Haki za ardhi ya Kaixiangong ziliuzwa na kununuliwa mjini kama hisa, mikononi mwa watu ambao pengine hawakupata kuiona konde yenyewe. Mkulima yule hakuhitaji maandishi kwa kuzungumza na jirani, kweli. Lakini maandishi yalikuwa yamekwisha kumfunga bila ya kumwuliza. Pili, si kweli kwamba watu wanaoonana uso kwa uso hawana la kuandikiana. Pwani yetu ni ushahidi. Watu waliokutana msikitini mara tano kwa siku walipelekeana mashairi yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, la huyu likijibiwa na la yule kwa vina vile vile, wala umbali haukuwa sababu. Waliandikiana kwa sababu lipo neno ambalo mtu hawezi kumwambia mwenziwe usoni bila ya kuvunja heshima, ila aweza kulifunga katika beti. Fei aliyatazama maandishi kama daraja la kuvukia umbali tu. Hakuyatazama kama pazia. Angalichunguza fasihi ya watu wake kwa jicho lile lile alilochunguzia hariri, nadhani angaliliona pazia hilo.

Dhana iliyomjengea jina ni ile iitwayo "chaxu geju". Wafasiri wameivika maneno mazito ya kidhahania, ilhali Fei mwenyewe aliieleza kwa picha mbili. Jamii ya Magharibi, asema, ni kama mabua yaliyofungwa matita: kila bua lina tita lake, na mpaka wa tita wajulikana. Jamii ya Kichina ni kama jiwe lililotupwa majini: viwimbi vyatoka katikati, duara baada ya duara, kila duara hafifu kuliko la kabla yake, na kila mtu ni jiwe katika maji yake mwenyewe. Kwa hiyo neno lenye maana ya watu wa nyumbani hufinyika na kutanuka kwa kadiri ya nguvu ya mwenye kulitumia. Kwetu neno "ndugu" lafanya kazi hiyo hiyo. Asubuhi ni mtoto wa mama yako. Alasiri, arusini, ni ukoo mzima. Jioni, mkutanoni, ni kila aliyepata kiti. Ningelazimishwa kuifasiri dhana hii ningesema "mpangilio wa viwimbi", na kuiacha picha ifanye kazi yake.

Lakini kama Kiswahili chaipokea kwa urahisi hivyo, je, hii ni tabia ya Uchina au ni tabia ya wakulima wote? Fei hakuuliza. Alikuwa na mizani ya vitanga viwili tu, Uchina na Magharibi, na hiyo Magharibi yenyewe aliitazama kwa haraka. Waafrika waliokuwa wakisoma London miaka ile ile hawamo katika mizani. Tena yako maji mengine yaliyofichika katika picha. Yan Yunxiang alionyesha mwaka 2006 kwamba wasomaji wamevikumbuka viwimbi na kuisahau ngazi: "xu" ni utaratibu wa vyeo, wa baba juu ya mwana na mume juu ya mke. Maji hayana juu na chini, jamii ile inayo. Mke wa mtu, katika picha ya jiwe, ametupwa katika ziwa la nani?

Miaka minne baada ya kijitabu hiki, mwaka 1952, vyuo vikuu vya Uchina vilipangwa upya kwa mfano wa Kisovieti. Elimu-jamii ikafutwa, na anthropolojia ya jamii na utamaduni ikapoteza hata jina. Wataalamu wake walielekezwa katika kazi moja: kuyatambua mataifa madogo ya nchi, yaitwayo "minzu". Katika hesabu ya watu ya miaka ya 1953 na 1954 watu walijiandikisha kwa majina zaidi ya 400, na zaidi ya nusu ya hayo yalitoka Yunnan peke yake. Mwaka 1954 Lin Yaohua, yule mwandishi wa kisa cha jamaa mbili, aliongoza watafiti huko kuyapunguza. Kipimo rasmi kilikuwa cha Stalin: lugha moja, eneo moja, uchumi mmoja, hulka moja. Lakini Thomas Mullaney ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 2011, kwamba kipimo kilichoamua mambo kwa kweli kilikuwa lugha, na kwamba mpango wa lugha walioutumia ulikuwa na mizizi katika ule wa H. R. Davies, afisa wa jeshi la Uingereza aliyeandika juu ya Yunnan mwaka 1909. Orodha ilifungwa mwaka 1979, Wajinuo walipoingizwa, ikawa na mataifa 56 pamoja na Wahan.

Hapa wanaisimu hatuna budi kujitazama. Orodha za maneno zililinganishwa, matawi ya lugha yakachorwa, na tawi likageuka kuwa watu. Wale ambao lugha zao zilikaribiana waliambiwa kuwa ni wamoja, wapende wasipende. Mambo haya si mageni Afrika Mashariki. Sisi pia tumerithi ramani za lugha zilizochorwa na maofisa na wamisionari, na sisi pia twahesabu makabila kwa nambari. Wamakonde wa Kenya walingoja hadi miaka ya 2016 na 2017 kuitwa kabila la 43. Tofauti ni kwamba Uchina waliifanya kazi hiyo wanazuoni wenyewe, kwa nia njema, na kwa haraka ya serikali. Fei alishiriki, na mwaka 1978 alisema hadharani kwamba kazi haikukamilika, akataja Wabaima wa Sichuan waliohesabiwa kuwa Watibeti ilhali wenyewe wana maoni mengine. Wangali wamehesabiwa hivyo.

Kilichompata Fei mwenyewe ni fundisho la aina nyingine. Mwaka 1957 alirudi Kaixiangong, akaona kwamba mavuno yameongezeka lakini fedha mikononi mwa watu hazikuongezeka, kwa kuwa kazi za mikono zilikuwa zimekufa. Aliandika alichokisikia. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amebandikwa jina la mpinga maendeleo wa mrengo wa kulia, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakupata nafasi ya kufanya utafiti huru.

Elimu-jamii ilirudishwa mwaka 1979. Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen huko Guangzhou kilifungua tena idara ya anthropolojia mwaka 1981, na mwaka huo Fei alipewa London Nishani ya Huxley. Kile kitabu chake cha 1939 hakikupata tafsiri ya Kichina hadi mwaka 1986, yaani miaka 47 baadaye. Kenyatta alitangulia: Naushangilia Mlima wa Kenya ilitoka mwaka 1966. Basi tafsiri peke yake haikumfaa ndugu yetu huyu. Wala haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakikuwa na mapokeo ya kuandika mila. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika juu ya desturi za Waswahili katika kitabu kilichotoka mwaka 1903, na Mathias Mnyampala akaandika juu ya Wagogo mwaka 1954. Tulikuwa na maelezo tele. Hatua ambayo Fei aliipiga mwaka 1948, ya kulichukua neno la watu na kulifanya kuwa dhana ya kupimia jamii nzima, ndiyo tuliyoiacha kwa wanasiasa; "ujamaa" ni shahidi.

Fei wa uzeeni nampenda kidogo kuliko Fei wa 1948. Alikuwa na cheo kikubwa katika Bunge, akazunguka nchi nzima akishauri juu ya miji midogo na viwanda vya vijijini, na ushauri wake uliwafaa wengi. Mhadhara wake wa Hong Kong wa mwaka 1988, uliosema kwamba taifa la Kichina ni wingi ndani ya umoja, ni kazi ya mtu mwenye elimu pana. Lakini katika mhadhara huo hasikiki Myao wala Myi akisema. Historia yasimuliwa kutoka juu ya mlima. Na fomula ile ilikuwa na shingo laini: aliyetaka kuugeuza uso wake upande wa wingi aliweza, na aliyetaka upande wa umoja aliweza pia.

Tangu mwaka 2014 uso umegeuzwa upande wa umoja. Mwaka 2020, huko Mongolia ya Ndani, vitabu vya Kichina viliwekwa mahali pa vile vya Kimongolia katika masomo ya fasihi, siasa na historia, na wazazi wakagoma kuwapeleka watoto shuleni. Rahile Dawut, Mwiguri wa Chuo Kikuu cha Xinjiang aliyetumia maisha yake kukusanya masimulizi na kuandika juu ya mazara ya watu wake, alitoweka mwishoni mwa 2017. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba alikuwa amehukumiwa kifungo cha maisha. Mtu aweza kuandika sura nzuri juu ya mustakabali wa anthropolojia ya Uchina bila ya kumtaja, na zimeandikwa. Kwangu mimi sura hiyo ina ukurasa uliochanwa.

Yako mengine ya kutia moyo. Xiang Biao, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking, alikaa miaka sita na wahamiaji wa Wenzhou waliokuwa wakishona nguo kusini mwa Beijing, katika mtaa ambao serikali iliubomoa mwaka 1995 na watu wakarudi. Kitabu chake cha mwaka 2000 kimejengwa kwa maneno ya washonaji wenyewe, na ndicho mrithi halali wa Xiangtu Zhongguo, ingawa ndani yake hamna mkulima. Wang Mingming naye amechimba maandishi ya kale ya Kichina kuonyesha kwamba Wachina walikuwa na fikra zao juu ya watu wa ng'ambo kabla Ulaya haijawafundisha kuwa na "wengine". Na tangu mwanzo wa karne hii, kwa msukumo wa Gao Bingzhong na wenzake wa Peking, wanafunzi wa Kichina wametumwa kuishi Thailand, India, Marekani na kwingineko, warudi na vitabu juu ya wenyeji wa huko. Wale waliokuwa wakichunguzwa sasa wachunguza.

Wameanza kuja Afrika pia, na hapa ndipo jambo linapotufikia nyumbani. Kiswahili kimefundishwa Beijing tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa hiyo mtafiti wa Kichina hana udhuru ambao Mzungu wa zamani aliweza kuwa nao. Atakayeandika juu ya reli ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, aweza kuzungumza kwa Kiingereza na mameneja na kurudi kwao na takwimu. Aweza pia kukaa Voi au Mtito Andei mwaka mzima na kuyasikiliza majina ambayo vibarua waliwapa wasimamizi wao, na utani, na matusi. Vitabu viwili hivyo havitafanana hata kidogo. Nasi kwa upande wetu tumekuwa na Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 2005, na vijana wengi wamepita humo wakielekea kwenye biashara na ukalimani. Sijaona bado idara ya Kiswahili iliyompeleka mmoja wao kukaa kando ya ziwa Tai na daftari, kuwauliza wajukuu wa wale wafuga nondo wa hariri neno "tu" lina maana gani sasa ambapo mashamba yamezungukwa na viwanda.